Niletee Utakacho



Ndugu zangu, nataka kuzungumza juu ya chakula, lakini si juu ya nguruwe. Nguruwe tunamjua. Kampala nzima inajua kwamba Mwislamu hali nguruwe. Hata muuza chipsi wa Wandegeya asiyejua kibla kiko wapi atakuona na kofia yako akwambie, "Hapa hakuna nguruwe, Haji, kula." Taabu yangu mimi ilianza baada ya nguruwe kuondolewa mezani.

Mjomba wangu ana yadi ya magari kule Nakawa. Magari yenyewe, kama mengi mnayoyaona yakipita barabara ya Jinja, yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Mwezi wa Rajabu alijiwa na mgeni kutoka Yokohama, mtu anayemtafutia magari minadani kule kwa miaka mingi, na ambaye walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mjomba akataka kumkirimu kwa chakula cha kwao. Akanichukua na mimi. Nilidhani ananichukua kwa sababu Kiingereza changu ni chepesi kuliko chake. Na niseme mapema, kwa sababu litahitajika mbele: nusu ya ada yangu ya chuo analipa yeye.

Wengi wenu mnaujua mkahawa wa Yamasen, ule wa Tank Hill ulioezekwa nyasi. Hatukwenda huko. Tulikwenda mahali padogo zaidi: kaunta moja ya mbao, viti vinane, na ng'ambo ya kaunta mpishi amesimama ana kwa ana nawe kama kinyozi. Hakuna karatasi ya vyakula wala bei ukutani. Nikamuuliza mgeni tutaagizaje. Akacheka, akasema kwamba kwao kuna neno moja tu la kumwambia mpishi wa namna hii, nalo ni *omakase*. Limetoka kwenye kitenzi chenye maana ya kukabidhi, kumwachia mtu jambo. Ukikaa na kulisema hilo umemwambia: niletee utakacho, nimekuachia wewe. Yeye ndiye anayejua leo samaki gani ni mzuri, kipi kitangulie na kipi kifuate. Wewe kazi yako ni kula kinachowekwa mbele yako, kipande baada ya kipande, mpaka akwambie kimekwisha.

Nikalipenda neno lile papo hapo. Sisi wanafunzi wa dini tuna udhaifu huo: tukisikia neno zuri la kigeni tunalitafutia jamaa yake katika Kiarabu. Nikasema moyoni, hii ni *tafwidh*. Hii ni amana. Nikaanza hata kuitunga makala hii, ingawa ile niliyoitunga siku ile ilikuwa nyingine kabisa, tamu na yenye aya za tawakkul.

Mpishi alikuwa Muganda, kijana wa Masaka aliyefundishwa kazi na Mjapani. Kabla ya kushika kisu alituangalia sote watatu, akauliza, "Kuna chochote msichokula?"

Nakuombeni mlishike swali hilo. Aliuliza. Mjomba akanitazama mimi. Nikamtabasamia, nikidhani ananionyesha jinsi mahali penyewe palivyo pazuri. Basi akamgeukia mpishi akasema, "Tusiletewe nguruwe tu," na sote tukacheka, maana nguruwe na sushi wapi na wapi. Mgeni akaagiza chai ya kijani. Baadaye nilifahamu kwamba nyumbani kwake mtu huyu chakula kama kile hakishuki bila pombe ya mchele. Aliiacha kwa heshima yetu, bila kuambiwa.

Chakula chenyewe sitakisema vibaya, kwa kuwa kilikuwa kizuri. Aliyelelewa pwani kama mimi anadhani anamjua samaki, lakini sisi samaki tunamjulia kwenye moto: wa kukaanga, wa kupaka, mchuzi wa nazi. Hapa jodari anakatwa mbichi, mwekundu kama tikiti, kipande cha upana wa vidole viwili, na kisu kinapita mara moja tu bila kurudi nyuma. Mkono wa kushoto wa mpishi unachota wali, unaufinyanga kwa mapigo matatu manne, samaki analazwa juu, na kabla hujajua umekwisha kuwekewa. Wali una uvuguvugu wa mwili wa mtu. Ukitafuna unasikia siki kidogo, sukari kidogo, chumvi. Halafu pweza. Halafu samoni wa Norway, aliyefika Entebbe kwa ndege kwenye barafu. Halafu kipande cha samaki wa ziwani aliyepitishwa motoni, kwa kuwa wa maji baridi hawaliwi vibichi, wana wadudu.

Kwenye kipande cha tatu nikaona brashi. Mpishi alikuwa na kibakuli cha mchuzi mweusi, na kila kipande kabla ya kukitoa alikipaka mara moja, kama mtu anayepaka rangi ya kucha. Harufu yake ilikuwa tamu na nyuma ya utamu kulikuwa na kitu kilichochachuka. Nyuma ya mpishi, kwenye rafu, zilipangwa chupa ndefu zenye maandishi ya Kijapani. Sikuweza kuyasoma, lakini si lazima uisome chupa ili uijue.

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kufungua mdomo. Sikufungua. Nilikula vipande 12.

Msidhani nilikaa kimya kwa ujinga. Nilikaa kimya kwa elimu, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtu wa kawaida akiona aibu kuuliza anajua kwamba ameona aibu. Mimi nilikuwa na dalili. Nilikumbuka kisa cha Umar (r.a.) katika Muwatta ya Imam Malik: yeye na Amr bin al-As walipita kwenye birika safarini, Amr akamuuliza mwenye birika kama wanyama wakali huja kunywa pale, na Umar akamkataza mwenye birika asiwajibu. Nikaikumbuka hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyo katika Bukhari, juu ya watu wapya katika Uislamu waliokuwa wakileta nyama isiyojulikana kama ilisomewa jina la Allah, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza walaji wapige bismillahi wao wenyewe na wale. Nikaikumbuka na ile inayomfundisha aliyealikwa na ndugu yake Mwislamu ale asichunguze. Mwenyeji wangu ni nani? Ni mjomba, Mwislamu, Haji wa kweli. Dalili tatu, na mbele yangu pweza.

Angalieni jinsi nilivyozipanga. Birika la Umar lilikuwa jangwani, na asili ya maji ni twahara mpaka pathibiti kinyume chake. Wale watu wa Bibi Aisha walikuwa Waislamu, na tuliloelekezwa ni kutowadhania vibaya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba mtu akiziona chupa kwenye rafu, akasikia harufu, akaulizwa kwa mdomo na mpishi mwenyewe kama kuna asichokula, basi atabasamu. Nilizichukua ruhusa zilizoteremshwa kumwondolea Mwislamu wasiwasi nikazifanya pazia la haya zangu.

Imam al-Ghazali, katika kitabu cha halali na haramu ndani ya Ihya, ana mlango mzima juu ya kuuliza: lini ni wajibu, lini si lazima, na lini kuuliza kwenyewe ni kumuudhi Mwislamu. Niliusoma baada ya siku ile, na ningetamani ningeusoma kabla. Msimamo wake ni kwamba mtu usiyemjua hali yake, hasa aliyekualika kwake, huna ruhusa ya kumpekua. Ukishindwa kula bila kupekua basi acha kula kwa upole, usimvunje moyo. Lakini ikiwepo alama ya kutia shaka, hukumu inageuka. Alama ndiyo inayoliamsha swali. Kwa hiyo suala la adabu linabaki kuwa dogo kuliko nilivyolikuza siku ile: je, alama ilikuwepo? Ilikuwepo, na ilipakwa kwa brashi mbele ya macho yangu mara 12.

Siku tatu nilikaa nayo. Siku ya nne nikapanda boda mchana, saa ambayo wanaandaa tu na hakuna wageni, nikamkuta yule kijana wa Masaka akiosha mchele. Nikamuuliza alichokuwa akipaka.

Akanieleza bila kusita. Mchuzi ule unaitwa nikiri: soya sosi, mirin na sake, vinachemshwa pamoja mpaka ukali upungue. Sake ni pombe ya mchele, kileo chake ni kama asilimia 15. Mirin ni divai tamu ya mchele ya kupikia, nayo haiko mbali, asilimia 14 hivi. Wali wake yeye hautii mirin. Ni siki ya mchele, sukari na chumvi. Wapishi wengine hutia. Kisha akaacha kuosha mchele, akanitazama, akaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu zuri mpaka leo.

"Ssebo, mbona hukusema? Niliwauliza. Kuna mtu hali karanga, nabadilisha. Kuna mwanamke mjamzito, simpi vibichi. Wewe ulisema nguruwe."

Hakuwa amekasirika. Nilichokiona usoni mwake nadhani kilikuwa kuvunjika moyo. Kazi yake yote imejengwa juu ya neno lile la kuachiwa, naye anajua kwamba hawezi kuachiwa na mtu aliyeficha. Tukimwambia mtu "nakuachia wewe" huku tumemnyima habari anayoihitaji, hatujampa amana, tumemtega.

Sasa kuhusu hukumu yenyewe, kwa ufupi, maana kuna walionizidi elimu na wanaosoma jarida hili. Samaki hana neno: Al-Maida aya ya 96 imeyahalalisha mawindo ya bahari, na mbichi au aliyepikwa hukumu ni moja. Pweza na kamba kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi ni halali. Ndugu zetu wa Hanafi wana maneno yao, na aliye katika madhehebu hayo ayafuate. (Rafiki yangu wa Mbarara anashangaa jinsi watu wa pwani wanavyokula pweza kwa raha, na mwezi wa Novemba yeye huyo huyo namkuta na mfuko wa nsenene. Tumekubaliana kutosemana.) Siki aliisifu Mtume (s.a.w.) kuwa kitoweo chema, na siki ya mchele iliyogeuka siki haswa haina tofauti na nyingine. Soya sosi iliyochachushwa kwa asili huwa na kileo kidogo kinachojizalisha chenyewe, na wengi katika wanavyuoni wa zama hizi hawakuiharimisha kwa hilo, kwa kuwa haikutengenezwa kuwa kilevi wala hailevyi.

Mirin na sake ni jambo jingine. Hapa mtu hukimbilia kusema: si imechemshwa, kileo kimekwisha ruka. Kwanza hakiruki chote. Kwa vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani, kinywaji kikichemkia ndani ya chakula kwa nusu saa hubaki kama theluthi ya kileo chake. Pili, na hili ndilo la kwetu, kwa jamhuri ya wanavyuoni khamri ni najisi, na najisi ikimiminwa kwenye mchuzi huunajisi mchuzi, moto hauitwaharishi. Hata siki, Abu Talha (r.a.) alipouliza kuhusu mvinyo wa mayatima, kama anaweza kuugeuza siki, alikatazwa, akaamrishwa kuumwaga. Kwa hiyo tusihesabu asilimia kana kwamba tuko maabara. Kitu kilimiminwa humo kwa kukusudiwa, na mimi ningeweza kujua kwa neno moja.

Nilipotoka pale nilimpigia mjomba simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilitaka kumweleza kwa upole kwamba pengine angeuliza zaidi, yeye ndiye mwenyeji, yeye ndiye mtu mzima, na hadithi ya mwalikwa inamhusu mimi na si yeye. Nilikuwa nimeshamkabidhi dhima yote, imefungwa na kamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia gari likipigwa moto nyuma yake na mtu akiita bei. Kisha akasema, "Mimi nilikuangalia wewe."

Nikanyamaza.

"Alipouliza, nilikuangalia wewe. Unadhani nilikuchukua kwa Kiingereza? Yule mzee Kiingereza chake kibovu kuliko changu. Nilikuchukua kwa sababu wewe ndiye unayesoma haya. Uliponicheka nikajua hakuna neno. Ulipokula cha kwanza, nikala."

Ndugu zangu, tizameni safu ile ya viti. Mgeni amemwachia mpishi. Mpishi ametuachia sisi tumwambie. Mimi nimemwachia mjomba, kwa hoja ya kwamba ni mwenyeji Mwislamu. Mjomba ameniachia mimi, kwa hoja ya kwamba ni mwanafunzi wa dini. Kila mmoja amesema lile neno zuri la Kijapani akamgeukia mwenzake, na amana imezunguka kaunta yote haikukaa mkononi mwa mtu. Aliyefanya kilichompasa ni mpishi aliyeuliza, na mgeni, asiye na dini yetu, aliyeacha kinywaji chake bila kuulizwa.

Silisemi hili kujipiga kifua. Nalisema kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Kila mmoja wetu anayesoma dini hapa ana mtu anayemtazama mkono kabla ya kula. Likizo unarudi nyumbani, Tanga, Arua, Kisumu, Bukavu. Kwenye walima unawekewa sahani na wazee wanasubiri "sheikh" aanze. Wewe hujioni sheikh. Una mtihani wa balagha uliofeli na deni la fotokopi. Wao hawakuoni hivyo. Ukila, umetoa fatwa, na hukusikia kwamba umeulizwa. Mimi nilikuwa nikidhani fatwa ni kitu kinachotoka mdomoni. Siku ile yangu ilitokea kwenye vijiti.

Na sisi wa Kampala jambo hili tuna historia nalo isiyofanana na ya mji mwingine. Uislamu uliingia katika kasri ya Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suuna II, kwa wafanyabiashara wa pwani, na Ahmad bin Ibrahim ndiye anayetajwa kuwa alimkabili Kabaka juu ya kuwaua watu aliowaumba Mungu. Mwanawe Suuna, Mutesa I, aliukubali kwa namna yake. Kuanzia 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi, akasoma, akaamrisha wakuu wake wasome. Lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya ufalme haikuruhusu damu ya Kabaka imwagwe. Wageni Waislamu waliotoka upande wa Misri na Sudan walipofika waliwafumbua macho vijana wa kasri: vipi mnaswalishwa na asiyetahiriwa, vipi mnakula alichochinja asiyetahiriwa? Vijana wakaacha kula nyama ya kasri. Mwaka 1876 Mutesa akaamuru wauawe, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kiasi cha vijana 70. Waliuawa Namugongo. Watu wengi wanaijua Namugongo kwa mashahidi wa Kikristo wa siku za Mwanga, wanaokumbukwa kila tarehe 3 Juni. Hawa wetu walitangulia kwa miaka kumi.

Nilikulia mbali na Uganda, na kisa hiki nilikisikia hapa chuoni mwaka wa kwanza. Nilikisikia kama watu wanavyosikia visa vya mashahidi, kwa mbali, kama jambo la watu wa namna nyingine. Baada ya yale ya kaunta nilikirudia, na kilichonishika kilikuwa kitu kidogo. Wale walikuwa vijana wa kuhudumu. Walilishwa na Kabaka, walivishwa na Kabaka, walichaguliwa mpaka pa kulala. Mfalme huandikiwi orodha ya vyakula. Unakula unachopewa, na kula kwenyewe ndiko kusema "wewe ni bwana wangu." Mutesa alilielewa hilo vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana sahani iliyorudishwa aliihesabu kuwa uasi.

Tena lipo jambo ambalo mwanafunzi wa fiqhi hawezi kulipita. Katika mas'ala yenyewe, jamhuri ya wanavyuoni hawakulifanya tohara kuwa sharti la kichinjo. Waliokataza ni wachache, na dalili yao inajulikana. Kwa maneno mengine, wale vijana 70 walikufa kwa jambo ambalo lau wangemuuliza mwanachuoni wa Unguja, pengine angewaambia, kuleni. Rafiki yangu mmoja aliniambia hapo ndipo msiba ulipo: elimu ndogo na bidii kubwa. Nimelifikiri sana neno lake. Mimi nilikuwa na elimu kubwa kidogo kuliko yao, nilijua kauli na tofauti zake, na elimu hiyo kazi iliyonifanyia ni kunitafutia njia ya kunyamaza mbele ya mpishi mpole ambaye adhabu yake kubwa ingekuwa kubadilisha mchuzi. Wao walijua kidogo wakasema wazi, mbele ya mtu mwenye panga. Siwezi kuutetea ufahamu wao wa mas'ala. Lakini sioni haya kwa ajili yao, na kwa ajili yangu naona.

Hapo kuna swali ambalo bado sijalimaliza: nilichokula kina hukumu gani juu yangu? Asiyejua amesamehewa, hilo tumelisoma. Lakini mimi nilikuwa asiyejua wa namna gani? Kuna kutojua kwa mtu ambaye mlango umefungwa, na kuna kwa mtu ambaye mlango uko wazi naye ameugeuzia mgongo ili aje aseme sikuona. Abu Bakr (r.a.) alikula chakula alicholetewa na mtumwa wake, kisha mtumwa akamwambia kwamba ni malipo ya uaguzi alioufanya zama za ujahili. Kisa kiko katika Bukhari: alitia mkono mdomoni akatapika kila kilichokuwa tumboni. Katika baadhi ya mapokezi ni kwamba desturi yake ilikuwa kuuliza, na siku ile njaa ilimsahaulisha. Abu Bakr alisahau mara moja kwa njaa. Mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula rolex ya mayai mawili saa kumi. Na nilipojua, siku ya nne, hapakuwa na cha kutapika. Nimefanya istighfari na nimefunga siku kadhaa, bila kudai kwamba kuna kafara iliyowekwa kwa jambo hili, kwa kuwa haipo. Nilifunga kwa sababu tumbo ndilo lililoulizwa likajibu kabla ya mdomo.

Juu ya ada, kwa wale watakaouliza: mjomba hakuikata. Alichokifanya ni kunipigia wiki iliyopita kuniambia mgeni anarudi baada ya Idi, kuna magari matatu ya kukaguliwa, na anataka tule palepale. Nilidhani atapahama. Akasema hapana, mzee yule anapapenda, na mpishi hakufanya kosa. Ila safari hii kazi ya kupiga simu kabla ni yangu.

Nimeshapiga. Yule kijana wa Masaka akanikumbuka, akacheka kwanza. Nikamtajia moja moja: mirin isiwepo, sake isiwepo, siki aniambie imetengenezwa na nani nimtafutie habari zake, na brashi iwe mpya. Akaandika. Akasema atachemsha soya sosi na mwani mkavu na sukari, ataionja yeye kwanza, na kama haikumridhisha atatupa chumvi na ndimu. Kisha akaniuliza, kama alivyouliza siku ile, kama kuna kingine. Nikamwambia angoje kidogo nifikirie, naye akangoja kwenye simu.